Jibu la "Hapana" Lililotoka Kwenye Mashine: Kisa cha Kuotesha Bakteria wa Vikope Uwandani

Jioni ya siku ya nne ya kazi nilikaa mbele ya darubini nikiwa na trei ya vipande vidogo vya kioo vilivyokwisha kupakwa rangi ya Giemsa, kila kimoja kikiwa kimebeba seli zilizomwagiwa sampuli kutoka jicho la mtoto mmoja. Kwenye kioo cha kwanza niliona tabaka zuri la seli, zimebanana vizuri, viini vyake vimekolea zambarau, na ndani yake hakukuwa na kitu kingine chochote. Kioo cha pili kilikuwa hivyo hivyo, na cha tatu, na cha nne. Nilipomaliza trei nzima nilikuwa nimeona kifuko kimoja tu cha bakteria, kidogo, pembeni mwa kiini cha seli moja, na hata hicho nilikirudia mara tatu kabla ya kukubali kwamba si uchafu wa rangi.

Matokeo hayo yangeweza kuandikwa kwenye ripoti kama yalivyo, na kwa siku mbili nzima yalikaribia kuandikwa. Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu kosa lililokuwa nyuma yake halikuwa la uzembe. Kila mmoja wetu alifanya alichofundishwa, na kipimo cha kutuonya tulikuwa nacho mezani siku zote, lakini tulikuwa tumechagua kipimo ambacho kwa maumbile yake kisingeweza kutuonya.

Ugonjwa wenyewe ni vikope, yaani trakoma, unaosababishwa na bakteria aitwaye Chlamydia trachomatis wa aina A, B, Ba na C. Maambukizi yanayorudiarudia utotoni huacha makovu kwenye utando wa ndani wa kope la juu, makovu hukunja kope, nywele za kope hugeukia ndani na kukwaruza konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, kwa kila kupepesa, na baada ya miaka ya mkwaruzo huo mtu hupofuka. Shirika la Afya Duniani hupambana nao kwa njia nne zinazokwenda pamoja: upasuaji wa kope zilizopinda, dawa, usafi wa uso na uboreshaji wa mazingira. Kwa upande wa dawa, jamii nzima hupewa azithromaisini ya kumeza kwa dozi moja, na watoto hupimiwa miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito.

Timu yetu ilifika wiki chache tu baada ya ugawaji wa dawa wa namna hiyo, na swali tulilotumwa kulijibu lilikuwa jembamba: je, katika macho ya watoto waliobaki na dalili, bado kuna bakteria walio hai? Kipimo cha vinasaba ni chepesi kuliko kuotesha, hugundua bakteria wachache zaidi, na ndicho kinachotumika karibu kila mahali siku hizi, lakini kina udhaifu mmoja ulio muhimu kwa swali kama hilo: hakitofautishi bakteria aliye hai na mabaki ya aliyekufa jana. Anayeota ndani ya seli yu hai. Tena ukishamwotesha unaweza kumpima dhidi ya dawa, jambo lisilowezekana kwa mabaki yake. Ndiyo maana tulibeba maabara ndogo kwenye gari badala ya kubeba vichupa vitupu vya kurudisha sampuli.

Kumwotesha klamidia hakufanani na kuotesha bakteria wa kawaida kwenye sahani ya agari. Huyu haongezeki nje ya seli ya kiumbe mwingine. Huingia akiwa katika umbo dogo la kuambukiza, lenye kipenyo cha takriban mikromita 0.3, kisha hujigeuza kuwa umbo kubwa zaidi la kuzaliana, hugawanyika ndani ya kifuko anachojitengenezea, na baada ya siku mbili hadi tatu hurudi katika umbo dogo na kutoka kutafuta seli nyingine. Halberstaedter na von Prowazek waliviona vifuko hivyo kule Java mwaka 1907, lakini ilichukua nusu karne mpaka Tang Feifan na wenzake mjini Beijing wakafanikiwa kumwotesha ndani ya yai la kuku lenye kijusi, wakatangaza mwaka 1957. Uchaguzi wa dawa ya kuzuia vijidudu vingine ulikuwa na uzito mkubwa hapo, kwa kuwa penisilini humdhuru klamidia mwenyewe, ilhali streptomaisini humwacha. Mwaka uliofuata Collier na Sowa walithibitisha uoteshaji huo kwa sampuli za Gambia. Mwaka 1965 Gordon na Quan wakaonyesha kwamba mayai yanaweza kuachwa kabisa: waliweka sampuli juu ya seli za McCoy, aina ya seli zinazokuzwa maabara, zilizopigwa mionzi, wakazizungusha kwa kasi kwenye sentrifyuji ili bakteria wasukumwe kwenye seli, na vifuko vikaonekana. Baadaye mionzi ilibadilishwa na kemikali, hasa sikloheksimidi, ambayo huzuia seli isijitengenezee protini zake na hivyo kumwachia mgeni chakula chote. Hatua ya kuzungusha ilibaki palepale, na ndiyo kiini cha kisa hiki.

Mpangilio wetu ulikuwa kama ifuatavyo. Kijiti cha kuchukulia sampuli kilikuwa na ncha ya nyuzi za dakroni na mpini wa plastiki, kwa sababu mipini ya mti hutoa kemikali zinazoua seli, na hata ncha za alginati zimekwisha kuharibu kazi za watu wengi. Mtaalamu wa macho aligeuza kope la juu la mtoto, akasugua utando kwa kijiti huku akikizungusha, kisha akakitia kwenye kichupa chenye mililita mbili za kimiminika cha sukari na fosfeti kilichochanganywa na vankomaisini, gentamaisini na dawa ya kuvu. Glavu zilibadilishwa kwa kila mtoto. Vichupa vilikaa kwenye kasha la barafu lenye joto la nyuzi 4 hivi, na kabla ya jua kutua vilikuwa vimefika katika chumba cha zahanati tulichoazimwa. Hapo niligawa kila sampuli yenye kimiminika cha kutosha sehemu mbili. Sehemu moja niliimwaga juu ya seli za McCoy siku hiyo hiyo, na nyingine niliizamisha kwenye tangi la naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, ili iende makao makuu. Kijiti cha pili kutoka jicho lilelile kilitengwa kwa kipimo cha vinasaba.

Seli zilisafiri zikiwa zimekwisha kuota juu ya vipande vya vioo ndani ya vichupa vyenye vifuniko vya kukaza, kwa kuwa hatukuwa na uwezo wa kubeba inkubeta yenye hewa ya kabonidayoksaidi. Baada ya kumwagiwa sampuli, vichupa vilizungushwa kwa saa nzima, kimiminika cha zamani kikamwagwa, kipya chenye sikloheksimidi mikrogramu 1 kwa mililita kikawekwa, na vichupa vikakaa kwenye kabati la joto la nyuzi 35 hadi 37 kwa siku tatu. Umeme wa zahanati ulikuwa wa jenereta yetu wenyewe, nayo ilibeba sentrifyuji, kabati la joto, jokofu dogo na taa mbili.

Kiongozi wa timu, daktari ninayemheshimu sana, alipoona trei ile tupu hakushangaa. Hoja yake ilikuwa ya mantiki kabisa: watu wamekunywa dawa wiki chache zilizopita, bakteria wamekufa, na vivimbe vilivyobaki kwenye kope ni uvimbe unaochelewa kuondoka. Ni kweli kwamba dalili za vikope hudumu wiki na hata miezi baada ya maambukizi kwisha. Kwa utaratibu wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1987, mtoto huhesabiwa kuwa na uvimbe wa vikope akikutwa na vivimbe vitano au zaidi, kila kimoja chenye upana usiopungua nusu milimita, katikati ya utando wa kope la juu. Kanuni hiyo inahesabu kinachoonekana kwa macho na haiwezi kujua kama aliyekisababisha bado yupo. Kwa hiyo jicho lenye vivimbe na kioo kisicho na kifuko vinaweza kukaa pamoja bila mgongano wowote.

Hatari ilikuwa katika kilichokuwa kinafuata. Majibu ya vinasaba yangekuja baada ya wiki kadhaa, na baadhi yangeonyesha bakteria wapo. Tungeyaweka kando ya majibu yangu ya kuotesha, vinasaba "ndiyo", kuotesha "hapana", na tafsiri ingejiandika yenyewe: mabaki ya bakteria waliokufa, dawa imefanya kazi. Makosa mawili tofauti yangeshikana mikono yakatoa habari njema, na sijui ni nani angekuwa na sababu ya kuikagua habari njema.

Kilichonizuia ni jina moja kwenye orodha, au tuseme namba moja, maana majina hatukuyabeba. Mtoto huyo wa kike, wa umri wa miaka minne hivi, nilimkumbuka kwa sababu nilikuwa nimeshika tochi wakati kope lake lilipogeuzwa. Utando ulikuwa mwekundu na umevimba kiasi kwamba mishipa ya damu ya ndani haikuonekana tena, usaha umejikusanya kwenye kona ya jicho, na mama yake alieleza kwamba familia nzima ilikuwa safarini siku ya kugawa dawa. Huyo hakunywa chochote. Kioo chake kilikuwa safi. Nikarudi kwenye fomu kutafuta wengine walioandikwa kwamba hawakupata dawa, na wote, hata wale ambao mtaalamu aliwaandikia uvimbe mkali, vioo vyao vilikuwa safi. Dawa haiwezi kueleza jicho ambalo haikulifikia.

Kuanzia hapo nilifuata safari ya sampuli hatua kwa hatua, kutoka kwenye kope mpaka kwenye darubini. Kwanza niliuliza kuhusu marhamu ya tetrasaiklini, ambayo hupakwa machoni na ingeweza kumwua klamidia ndani ya kichupa kabla hajafika kwenye seli. Mama wawili walikuwa wameitumia, wengine hawakuwahi kuiona. Kuhusu uchukuaji, nilitazama vioo vichache ambavyo vijiti vyake vilipakwa moja kwa moja, na humo seli za utando wa jicho zilikuwapo kwa wingi, si machozi na usaha pekee. Hilo ni muhimu, kwa sababu klamidia anaishi ndani ya seli, na kijiti kilichopita juu juu hurudi na usaha usio na bakteria. Kasha la barafu lilikuwa na kipimajoto na kumbukumbu zake zilikuwa sawa. Hatukuwahi kuweka sampuli kwenye friza ya kawaida ya nyuzi 20 chini ya sifuri, ambayo ni kaburi la bakteria huyu ingawa watu wengi huidhania kuwa salama kuliko jokofu. Seli zenyewe zilikuwa na afya; ningeweza kuziona. (Seli za McCoy, kwa njia, ziliaminika kwa miaka mingi kuwa za binadamu kabla ya kugundulika kuwa ni za panya, jambo linalonikumbusha kila mara kwamba hata chupa iliyoandikwa vizuri inahitaji kukaguliwa.)

Kilichobaki kilikuwa kipimo cha uhakika. Kila siku tulimwagia vichupa viwili bakteria tunaowajua, tulioletewa wakiwa wamegandishwa, tukavipitisha hatua zote pamoja na sampuli za watoto. Vichupa hivyo vilijaa vifuko kila siku bila kukosa, vikubwa, vinavyoonekana hata kwa lenzi ya chini, na vikipakwa ayodini viligeuka rangi ya kahawia kwa sababu ya glaikojeni iliyomo ndani yake. Daktari alivionyesha kidole: kama mbinu ingekuwa na kasoro, hivi visingeota. Sikuwa na jibu. Ni hoja ambayo mimi mwenyewe ningeitoa.

Jibu lilianza kwa dereva wetu, mzee aliyetumia maisha yake kusikiliza injini. Usiku ule alikaa nje karibu na jenereta, nami nikaanza kuzungusha sampuli za mchana. Baada ya kama robo saa aliingia mlangoni akasema, "Kijana wangu, hiyo mashine yako inachoka. Kila jokofu likianza kuvuta, yenyewe inapoteza pumzi."

Nilimwambia, "Mzee, kishale kinaonyesha mizunguko 2,500, haijabadilika."

"Kishale sikijui," alijibu. "Nasikia sauti."

Nilizima taa ya mezani nikasikiliza. Alikuwa sahihi. Jokofu lilipoanza, taa iliyobaki ilififia, ngurumo ya jenereta ikazama, na mlio wa sentrifyuji ukashuka taratibu kama mtu anayepunguza sauti ya wimbo, ukabaki chini kwa dakika nyingi. Kishale hakikutikisika. Nilipofungua mwongozo wa mashine kesho yake nikaelewa sababu: ile namba ilionyesha mahali nilipoweka kitasa na haikuwa imepima chochote. Ilikuwa ni sentrifyuji ya mezani ya mtindo wa zamani, isiyojirekebisha, ambayo kasi yake hufuata nguvu ya umeme inaoupata. Kwenye umeme imara wa mjini namba na kasi vilikuwa karibu sawa, na ndiko ilikokaguliwa kabla ya safari.

Hesabu ya upungufu huo ni kali kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa nguvu inayomsukuma bakteria hupungua kwa mraba wa kasi. Kwa mashine yenye umbali wa sentimita 15 kutoka katikati hadi kwenye kichupa, mizunguko 2,500 kwa dakika hutoa nguvu inayozidi kidogo mara 1,000 ya mvutano wa dunia, ambayo ni ya kutosha kwa kazi hii. Kasi ikishuka hadi asilimia 70, nguvu haibaki asilimia 70 bali inakuwa chini ya nusu. Tulipopata baadaye kipima mizunguko cha mkononi na kuirudia hali ile ile, jokofu likivuta na kabati la joto likiwaka kwa pamoja, mashine ilikuwa inazunguka kama mara 1,400 kwa dakika, yaani karibu theluthi moja tu ya nguvu tuliyoidhani. Na vyombo hivyo viwili vilivuta kwa pamoja hasa jioni, saa zile zile za kuzungusha, kwa sababu ndipo kasha la barafu lilipohamishiwa kwenye jokofu na kabati la joto lilipofunguliwa mara kwa mara.

Kwa nini basi kipimo cha uhakika kiliota? Hapa ndipo nilipokaa kwa muda mrefu zaidi, na hapa ndipo ningependa msomaji anayefanya kazi hii akae pia. Bakteria tuliopewa kama kipimo cha uhakika walikuwa wa aina ya L2. Nao ni Chlamydia trachomatis, jina ni lile lile, rangi ni ile ile, kifuko ni kile kile. Lakini aina za L ni zile zinazosababisha ugonjwa wa zinaa unaovimbisha tezi za kinena, na tabia yao ndani ya maabara ni tofauti: huingia kwenye seli zenyewe, bila kusukumwa, na huenea kutoka seli hadi seli kwa urahisi. Aina za jicho haziko hivyo. Ukizimwaga juu ya seli na kuziacha tu, nyingi hubaki zikielea mpaka zinafia kwenye kimiminika, na ni msukumo wa sentrifyuji unaozifanya zishike. Maabara nyingi hupenda L2 kwa sababu hiyo hiyo ya kuota bila taabu, kwa wingi na kwa haraka. Sisi tulikuwa tumechukua mtihani ambao mwanafunzi huyo angefaulu hata kama mwalimu hakuja darasani, tukautumia kuthibitisha kwamba mwalimu alikuja.

Zaidi ya hapo, tulimwagia L2 kwa kipimo kikubwa mno, maelfu kwa maelfu katika kichupa kimoja, wakati sampuli ya jicho inaweza kuwa na bakteria wachache sana. Hata kama tungetumia aina ya jicho, kwa wingi huo baadhi wangeshika bila msaada na kioo kingeonekana cha kuridhisha. Kipimo cha uhakika kinapaswa kufanana na sampuli dhaifu unayoogopa kuikosa. Nadhani pia, na hapa natoa maoni yangu binafsi, kwamba kubeba L2 kwenye chumba cha zahanati cha kuazimwa hakukuwa sahihi kwa upande wa usalama, kwa kuwa inaweza kumdhuru mfanyakazi kuliko aina nyingine.

Maelezo mazuri bado si uthibitisho. Uthibitisho ulikuwa ndani ya tangi la naitrojeni. Kwa kuwa karibu kila sampuli ilikuwa imegawanywa, nusu iliyogandishwa ilikuwa imetoka jicho lilelile, kijiti kilekile na kichupa kilekile, na tofauti iliyobaki ni kwamba ingemwagwa kwenye seli makao makuu, kwenye mashine iliyopimwa. Kugandisha na kuyeyusha huua sehemu ya bakteria, kwa hiyo mizani ilikuwa imeegemea upande wa kutuaibisha: kama nusu ya uwandani ilikuwa imefanya kazi vizuri, yenyewe ndiyo ingepaswa kuota zaidi. Ilikuwa kinyume. Kioo cha yule mtoto wa miaka minne, safi kabisa kwenye trei yangu ya kwanza, kilikuwa na vifuko katika kila eneo nililotazama, vya mviringo, vimesukuma kiini cha seli pembeni hadi kikawa kama mwezi mwandamo, na ndani yake punje ndogo ndogo zimejaa. Wengine ambao hawakupata dawa, walio wengi wao waliota pia. Waliopata dawa, karibu wote hawakuota hata huko makao makuu, na hata tulipochukua yaliyomo kwenye vichupa vyao na kuyapitisha kwenye seli mpya mara ya pili.

Ina maana daktari hakuwa amekosea kuhusu dawa. Alikuwa sahihi kwa watoto wengi, lakini kwa ushahidi ambao siku ile haukuwa na uwezo wa kumwambia kama yuko sahihi. Nilimweleza hivyo, naye alinyamaza kidogo kisha akaomba rasimu ya ripoti irudishwe.

Kwa siku zilizobaki tulibadilisha mambo machache. Jokofu na kabati la joto vilizimwa kwa saa nzima ya kuzungusha, vichupa vilivyokuwa kwenye kabati vikahamishiwa kwenye kasha lenye chupa za maji ya uvuguvugu. Kazi ya kuzungusha ilisogezwa hadi usiku, baada ya kazi nyingine zote za umeme kwisha, na dereva alikaa karibu na jenereta. Kwenye kitabu cha kumbukumbu iliongezwa safu ya kasi iliyopimwa, tofauti na kasi iliyowekwa, ingawa mpaka kipima mizunguko kifike safu hiyo ilibaki na maneno "sauti thabiti" au "sauti imeshuka" kwa mwandiko wangu. L2 ilifungwa na kurudishwa. Badala yake tuliletewa aina A, iliyopunguzwa makali kwa kuongezewa kimiminika mpaka kichupa kilichozungushwa vizuri kitoe vifuko vichache tu, na kila siku tulitenga kichupa cha tatu chenye bakteria hao hao ambacho hakikuzungushwa kabisa. Kama kilichozungushwa na kisichozungushwa vikifanana, majibu yote ya siku hiyo hayasomwi. Kichupa hicho cha tatu hakikugharimu chochote ila nafasi moja kwenye trei, na ndicho ambacho, kama kingekuwapo tangu siku ya kwanza, kingetuambia kila kitu.

Kuna sampuli chache ambazo hatukuweza kuzisemea lolote. Za siku mbili za mwanzo, zile ambazo kimiminika chake kilikuwa kidogo mno kugawanywa na hivyo zilimwagwa zote uwandani, zilipotea. Kipimo chao cha vinasaba kipo, lakini swali la uhai halina tena jibu. Kwenye ripoti ziliandikwa "hazikusomeka", si "hazina", na nilisisitiza jambo hilo mbele ya watu waliotaka jedwali lisilo na mashimo. Kila moja ilitokana na mtoto aliyeshikwa kichwa na mama yake, kope likageuzwa, akalia. Tulimwahidi mama kwamba maumivu yale ya dakika moja yatatufunza kitu, na kuandika "hazina" kungekuwa kuivunja ahadi hiyo mara mbili.

Watoto wote waliokutwa na dalili walikuwa wamepewa dawa siku ile ile waliyochunguzwa, bila kusubiri kioo chochote, kwa kuwa hakuna sababu ya kumweka mtoto na jicho la usaha kwa siku tatu ili maabara iridhike. Kilichobadilika baada ya majibu ya tangi ni orodha ya kaya. Katika rasimu ya kwanza, familia zilizokosa siku ya kugawa dawa zilikuwa zimetajwa kwa sentensi moja kwamba hazikuonyesha tofauti. Katika ripoti ya mwisho zilipewa ukurasa wao, na wahudumu wa afya wa kijiji wakatumwa nyumba kwa nyumba kuwatafuta ndugu, majirani na wote waliokuwa safarini siku ile, wazima kwa wagonjwa, wakiwa na dawa mkononi na kipimo cha urefu cha kukadiria dozi ya kila mmoja.